Mama wa hapa, baba wa nje: kuchagua kondoo wa nyama ukiwa Tanga

Mei 2017, mvua ilipoishika Tanga mchana na usiku, nilizika kondoo wanne ndani ya wiki tatu. Wote walikuwa Dorper, mbegu ya nyama kutoka Afrika Kusini, migongo mipana, mapaja yamejaa, niliowanunua Desemba kwa muuzaji mmoja wa mikoa ya juu aliyeniapia kwamba mbegu hii haichagui mahali. Nyasi zilikuwa tele na walikuwa wakila. Hakuna aliyeharisha. Asubuhi unamkuta mmoja amebaki nyuma ya wenzake, chini ya taya pamevimba kama amebeba maji, na ukifunua kope la chini unakuta weupe wa karatasi ya daftari. Kesho yake hanyanyuki. Pembeni yao, zizi lile lile na malisho yale yale, majike wangu saba wa Kimasai, wadogo, wekundu, ambao mnadani hakuna anayewageukia mara mbili, walikuwa wamejilalia wakicheua.

Wakati ule nilikuwa bado nafundisha hesabu shule ya msingi, nikaona hasara kama ile haiwezi kupita bila kuandikwa. Tangu mwezi huo nina daftari. Kila kondoo aliyezaliwa kwangu hapa Pongwe yumo: mama yake, baba yake, uzito wake, siku aliyoondoka na namna alivyoondoka. Ninayoyaeleza yanatoka humo, na yanamhusu mtu wa ukanda huu wa pwani, kuanzia Mkinga, Tanga na Muheza kushuka Pangani hadi Bagamoyo. Mfugaji wa Dodoma au Monduli ana ardhi nyingine na jua jingine, na hesabu yake haitafanana na yangu.

Kilichowaua

Bwana mifugo alimpasua wa tatu mbele yangu. Akafungua tumbo la nne, lile la mwisho kabla ya utumbo, akalitandaza juu ya gunia. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona utando wa ndani unatembea. Minyoo ilikuwa mamia, kila mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea, urefu wa sentimita mbili hivi, wekundu na weupe vimezungukana kama ukili wa rangi mbili. Wekundu ule ni damu ya kondoo iliyomo ndani ya mnyoo. Weupe ni mifuko ya mayai yake.

Mnyoo jike mmoja hutaga mayai elfu tano na zaidi kwa siku. Yanatoka na kinyesi, na yakipata joto na unyevu, ndani ya wiki moja tu yamekwisha kuwa vijinyoo visivyoonekana kwa macho, vinavyopanda jani la nyasi kwa kufuata umande. Kondoo akivimeza, wiki tatu baadaye navyo vinataga. Joto na unyevu ndiyo Tanga yenyewe. Bara mvua ikikatika jua huvikausha, lakini kwetu chini ya minazi kivuli na umande huvitunza. Na kwa kuwa mnyoo huyu kazi yake ni kunyonya damu, mnyama haharishi. Mtu anasubiri aone kuhara ndipo atafute dawa, na kuhara hakuji, kinachokuja ni kifo.

Kwa hiyo anayeniuliza mbegu ipi ina nyama nzuri, namrudisha nyuma hatua moja. Kwanza tutafute nani atafika siku ya kuchinjwa.

Watatu utakaouziwa

Kondoo wa Kimasai ndiye mwekundu wa kahawia, manyoya mafupi kama ya mbuzi, mkia umejaa mafuta. Jike mzima ana kilo thelathini hivi, akizidi sana thelathini na tano. Paja lake jembamba. Ukimweka kando ya Dorper unamwonea huruma. Lakini damu yake inapigana na yule mnyoo. Si kwamba hapati minyoo, anaipata, ila inakuwa michache, inataga kidogo, na yeye mwenyewe hapungukiwi damu haraka. Hili halitoki kwangu peke yangu. Miaka ya 1990 watafiti wa mifugo walifuga Kimasai na Dorper pamoja huko Diani, kusini ya Mombasa, ambako hewa ni hii hii yetu, bahari ile ile. Wanakondoo wa Dorper walikufa wengi zaidi, na ukihesabu kundi zima, majike wa Kimasai waliwashinda Dorper kwa mbali katika kutoa nyama. Kule bara kwenye ukavu tofauti hiyo ilipungua sana.

Tatizo ni kumpata aliye safi. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wengi, hasa upande wa Kenya, waliletewa madume ya Dorper, wakachanganya na kuchanganya, hata leo kundi linaloitwa la Kimasai unalikuta na vichwa vyeusi na mabaka meupe. Mimi niliwapata wangu Handeni, kwa mzee mmoja wa Kimasai niliyeelekezwa na dereva wa lori. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, nataka majike wasiokufa masika." Akanitazama, akasema, "Mama, wewe unataka wale wa mke wangu mkubwa." Akanipeleka boma la nyuma, ambako kondoo walikuwa wekundu watupu, maana mama yule alikataa dume la mchanganyiko lisiingie kwake. Nilimlipa zaidi ya bei ya mnada na sijajuta. Uliza swali hilo hilo popote utakapokwenda: nani kwenye boma hili amekataa kuchanganya?

Wa pili ni kichwa cheusi, mwili mweupe, kichwa na shingo vyeusi kabisa kama amevaa kofia. Wenye vitabu humwita wa Kiajemi, ingawa asili yake ni Somalia. Hana pembe, masikio yanaanguka, chini ya shingo kuna ngozi inayoning'inia, na matako yamebeba bonge la mafuta. Anavumilia jua na kiu. Unyevu wetu anauvumilia kuliko Dorper, ila hamfikii Mmasai. Nyama yake ni nzuri, tatizo ni kwamba chakula kingi anakipeleka kwenye yale mafuta ya nyuma, na mteja wa mjini anayekata na kutupa mafuta anaona ameibiwa.

Wa tatu ni Dorper, na hapa ndipo watu wanapolizwa. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumpandisha huyo huyo kichwa cheusi na dume la Dorset Horn, kondoo wa Uingereza. Ndiyo maana naye ana kichwa cheusi na mwili mweupe. Muuzaji asiye mwaminifu anachukua kichwa cheusi wa kawaida, anamlisha pumba miezi miwili, anakuuzia kwa bei ya Dorper. Picha ya kwenye simu haitakusaidia. Nenda, mshike.

Weka kiganja mgongoni. Kichwa cheusi manyoya yake ni laini, mafupi, yamelala, kama ya mbwa. Dorper ana mchanganyiko wa nywele na sufu, vidole vinazama kidogo, na mara nyingi utakuta sehemu inanyonyoka kama godoro lililotoboka. Kisha simama nyuma yake, umtazame kati ya miguu. Kichwa cheusi, nafasi kati ya mapaja inapanda juu nyembamba, na juu yake kuna lile bonge la mafuta linalotikisika akitembea. Dorper mapaja yameshuka na kujaa mpaka karibu na goti, na pale juu hakuna bonge. Bonyeza kwa vidole: nyama inarudisha, mafuta yanabonyea. Mkia wa Dorper ni mwembamba, na mara nyingi umekatwa angali mchanga. Mkia uliokatwa una shida yake kwa wateja wetu, nitaifikia.

Kondoo wa Kigogo mwenye mkia mrefu ni mvumilivu lakini mdogo, na kwa nyama ya kuuza hesabu yake hailipi huku. Wale wa sufu wa nyanda za baridi usiwasogeze pwani kabisa, ni kuwatesa.

Hesabu iliyonifanya nichague

Katika wale Dorper sita, wawili walipona, jike na dume. Lile dume ndilo lililonifungulia macho. Nililipandisha kwa majike wa Kimasai, wakazaliwa chotara wa nusu kwa nusu. Nikafurahi kwa ukubwa wao, na kwa tamaa nikatafuta dume jingine la Dorper nikawapandisha chotara jike, ili nipate robo tatu. Daftari ikaniambia hivi, nikiwachukua wanakondoo kumi kumi wa kila aina:

Kimasai watupu, tisa walifika mwaka mmoja, wastani wa kilo 24. Nusu kwa nusu, wanane walifika, wastani wa kilo 30. Robo tatu Dorper, walifika watano, wastani wa kilo 34.

Kondoo wa huku aliyelishwa vizuri hutoa nyama na mifupa yake kama asilimia 43 ya uzito wa hai. Piga mwenyewe. Kimasai tisa wanatoa kilo 93. Nusu kwa nusu wanane, kilo 103. Robo tatu watano, kilo 73, na hapo bado sijatoa dawa nilizowapa na usingizi niliopoteza. Kondoo mmoja mmoja robo tatu ni mfalme. Kundi zima ni hasara.

Kutoka hapo sijabadilisha msimamo: jike awe Mmasai safi, dume liwe la Dorper, na watoto wote wa nusu kwa nusu, wa kike na wa kiume, wanaenda kuliwa. Sibakishi chotara jike kwa kuzaa, hata awe mzuri namna gani. Hiki ndicho watu wanashindwa, maana chotara jike anapendeza kweli, ana umbo, unaona huruma kumuuza. Lakini ukimbakiza umepoteza mama wa hapa, na mama wa hapa ndiye mtaji. Ili majike wasiishe, theluthi moja ya Wamasai wangu napandisha kwa dume lao wenyewe la Kimasai, na mabinti wa huko ndio warithi.

Dume moja linatosha majike 25 hadi 30. Nikikaribia mwaka wa pili nalibadilisha au nabadilishana na mwenzangu wa Muheza, kabla halijawafikia binti zake. Na usimpe Dorper jike mdogo anayezaa mara ya kwanza. Mtoto wa baba mkubwa kwenye nyonga nyembamba ni kazi ya kuvuta usiku na pengine kupoteza wote wawili. Mimi naanzia jike wa kilo 28 aliyekwisha kuzaa mara moja.

Kujua nani amepandwa, nasaga udongo mwekundu, nachanganya na mafuta ya kula uwe mzito kama uji wa mgonjwa, napaka kifuani kwa dume, kati ya miguu ya mbele. Akimpanda jike, rangi inabaki mgongoni kwa jike, unaandika tarehe. Kondoo asiposhika mimba hurudi joto baada ya siku 17. Kwa hiyo siku ya 16 nabadilisha, napaka masizi ya sufuria na mafuta. Jike mwenye nyekundu peke yake ameshika. Mwenye nyekundu na nyeusi juu yake hakushika mara ya kwanza. Majike wote wakiwa na nyeusi, tatizo ni dume. Ujuzi huu wa bure umeniokolea msimu mzima mwaka mmoja ambapo dume lilikuwa limeumia korodani na kwa macho hakuna aliyejua. Mimba ni siku 150 au pungufu kidogo, miezi mitano. Napandisha katikati ya Januari ili wazaliwe Juni, masika imepita, upepo wa kusi umeleta ubaridi na ardhi inakauka.

Jicho kila wiki mbili

Hata ukiwa na Mmasai, kuchungulia macho hakuachwi. Kuna kadi ya rangi tano inayoitwa FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya mnyoo huyu huyu. Ukiipata, itumie. Usipoipata, jifunze kwa kondoo unayejua ni mzima.

Simama naye juani, si bandani. Kichwa chake ukibane kwenye kiuno chako. Kidole gumba cha juu kifumbe jicho kwa kope la juu na kusukuma kidogo ndani, kidole gumba cha chini kivute kope la chini. Utando utajitokeza wenyewe. Tazama haraka, maana ukiuacha wazi unazidi kuwa mwekundu na kukudanganya. Nyekundu kama pilipili hoho iliyoiva, mwache aende. Waridi iliyofifia, mtilie alama na umrudie wiki ijayo, isipokuwa kama ni mtoto, ana mimba kubwa au ananyonyesha, hao wape dawa hapo hapo, maana kinga ya jike hushuka anapokaribia kuzaa na anaponyonyesha. Weupe, dawa leo na asitembezwe mbali.

Usiwape dawa kundi zima kwa kalenda. Nilifanya hivyo miaka miwili, nikajikuta dawa iliyokuwa ikiwaponya haiwaponyi tena. Ukiwamiminia wote, minyoo inayobaki ni ile tu iliyoshinda dawa, na hiyo ndiyo inayozaa kizazi kijacho. Ukiwapa wachache wanaohitaji, minyoo laini inaendelea kuwepo na kuchanganyika na ile sugu, dawa yako inadumu. Pima uzito kabla ya kupima dawa, kukadiria kwa macho ndiko kunakozalisha usugu. Mzani wa kuning'iniza na gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu vinatosha. Albendazole usimpe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba. Levamisole usizidishe hata kidogo, kipimo chake na sumu yake vimekaribiana.

Na jike ambaye kila masika macho yake yanapauka, muuze. Binti zake pia. Kwa njia hii kundi langu la leo linapokea dawa chini ya nusu ya ilivyokuwa.

Malishoni, nawatoa umande ukishakauka, saa tatu na nusu au saa nne asubuhi. Vijinyoo vingi vimekaa sentimita tano za chini za jani, kwa hiyo nyasi ikifikia upana wa vidole vinne nahamisha kundi. Banda liinuliwe. Sakafu yangu ni fito za mkarafuu pori zilizoachiana nafasi ya kidole, kinyesi kinaanguka chini, kwato hazilali kwenye tope na hazioze. Kuta ni milingoti ya mkonge, ambayo huku kwetu haikosi, na paa ni makuti. Bati linawachemsha. Wageni wote, hata wakitoka kwa ndugu, nawatenga wiki nne. Ugonjwa wa sotoka ya kondoo na mbuzi ukiingia hauulizi mbegu, chanjo yake ipo, mwite bwana mifugo, na usafirishaji kutoka wilaya nyingine unataka kibali chake.

Ladha haiko kwenye jina

Mwaka 2021 nilifanya jaribio jikoni. Nilichinja watatu wa miezi kumi, Mmasai, nusu kwa nusu, na kichwa cheusi niliyemnunua angali ananyonya, wote wamelishwa pamoja. Nikaongeza na dume zee la miaka mitano. Nikatoa kipande cha bega kwa kila mmoja, sufuria nne, chumvi na maji basi, hakuna tangawizi wala kitunguu saumu. Nikawaita dada zangu wawili, shemeji yangu mpishi wa shughuli, na majirani, sikuwaambia sufuria ipi ni ya nani. Walibishana mpaka adhuhuri juu ya zile tatu za vijana na hawakukubaliana. Ya nne, shemeji alifunua mfuniko tu, akasema, "Huyu babu, dada, huyu umempika kwa nini?"

Ile harufu inayowafanya watu wa pwani wachague mbuzi ni ya umri, ni ya dume zima lililozeeka, na ni ya chakula. Si ya mbegu. Mbegu inakupa kilo na umbo la kipande. Utamu unautengeneza wewe. Kwa hiyo nachinja kati ya miezi tisa na kumi na nne. Nisipokuwa na mteja wa Idi, madume nayahasi kwa koleo yakiwa na miezi mitatu, na yanayobaki mazima hayazidi mwaka. Ukimnunua wa mtu, mfunue mdomo: meno yote manane ya mbele chini yakiwa madogo sawasawa, ni meno ya utoto. Mawili ya katikati yakiwa yametoka makubwa, amepita mwaka na kidogo. Akiwa na manne au sita makubwa, huyo si mwanakondoo, hata bei iwe nzuri.

Miezi mitatu ya mwisho nawaongezea. Majani ya lukina, ule mti wa malisho, lakini yasizidi theluthi ya chakula, yakizidi wananyonyoka manyoya. Majani ya muhogo yaliyoanikwa siku mbili, mabichi yana sumu. Pumba ya mahindi konzi mbili asubuhi, naianza konzi moja na kuiongeza ndani ya wiki mbili, maana kondoo anayepewa pumba nyingi ghafla anaweza kufa usiku huo huo akiwa ameshiba. Machicha ya nazi ninayo kila siku kwa majirani, nayaanika juani siku ile ile, yaliyolala hadi kesho yameshavunda. Madume nawachungia pumba na kuhakikisha maji hayakauki, wakizidishiwa hupata mawe kwenye njia ya mkojo.

Jambo moja nalisema kwa nguvu zangu zote: usimpe kondoo chakula cha kuku wala madini ya ng'ombe. Vina shaba, na ini la kondoo linaikusanya shaba bila kuitoa, hadi siku moja linaimwaga yote kwenye damu, na mnyama anakojoa mkojo mwekundu na kufa. Tena cha kuku kina dagaa, na nyama itanukia dagaa. Nunua madini yaliyoandikwa kondoo, au mpe chumvi ya jikoni peke yake.

Mteja wa Idi na siku ya kisu

Nusu ya wateja wangu wananunua kwa ajili ya Idi ya kuchinja na akika. Wengi wetu huku ni Shafii, na kwa Shafii kondoo wa udhiya awe ametimiza mwaka, au ameshaangusha meno ya mbele kabla yake, wakati mbuzi anatakiwa miaka miwili. Hapo kondoo ana nafuu kubwa ambayo wafugaji wengi hawaitumii: unamlisha nusu ya muda wa mbuzi. Ila mteja huyu anamkagua mnyama sikio kwa mkia. Anachechemea, anamkataa. Sikio limekatwa alama, anamkataa. Mkia umekatwa, anamkataa. Kwa hiyo chotara wangu siwakati mikia wala masikio, natumia kibati cha namba kwenye kamba shingoni. Na kwa kuwa Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kila msimu nahesabu kwanza: huyu wa Juni atakuwa ametimiza mwaka? Asipotimiza, kundi la Idi nalipandisha mapema, Novemba au Desemba, na nakubali kuhangaika nalo kwenye tope la masika.

Kwa nyama ya jikoni, mnyama alale bila chakula usiku kucha, maji apewe. Asikimbizwe. Asishikwe manyoya akaburutwa, kila mahali ulipomvuta utaona damu imevilia chini ya ngozi. Kondoo aliyekufa na hofu nyama yake inakuwa nyeusi na ngumu, na hapo mbegu yote uliyohangaikia imekwenda. Achinjwe alfajiri na mwenye kisu kikali. Wakati wa kuchuna, mkono uliogusa manyoya ya nje usiguse nyama, mafuta ya kwenye manyoya yana harufu na yakigusa hayatoki kwa maji. Mimi huwaweka watu wawili, mmoja wa ngozi, mmoja wa nyama.

Kisha nyama ining'inie kivulini penye upepo, imefunikwa kitambaa chepesi dhidi ya nzi, mpaka iache kurukaruka, jua halijakuwa kali. Iingie sehemu ya kawaida ya friji hadi kesho yake. Usiikimbize kwenye barafu ikiwa bado ya moto, misuli inajikunja kwa baridi na hakuna moto utakaoilainisha tena. Wateja wangu wawili waliwahi kunirudishia lawama ya ugumu, na wote wawili waliweka frizani saa moja baada ya kuchinja.

Ubavu na kidari vikatwe vipande vya pilau, paja liende jikoni zima kwenye mkaa, mgongo ukatwe katikati ya pingili. Mafuta ya kondoo huganda upesi kuliko ya mbuzi, yakapaka ulimi, na hapo ndipo watu husema kondoo si mtamu. Pasha sahani kwa maji ya moto kabla ya kupakua, na uwaite watu wakae mkekani kwanza, nyama ndiyo iwafuate.